Wimbo mmoja, majina ya wapinzani: somo la Indépendance Cha Cha

Katika mikutano yetu ya vijana hapa Bukama huwa tunaanza kwa muziki. Wimbo unaofungua mazungumzo upesi kuliko mingine ni Indépendance Cha Cha. Wazee wanaujua, vijana wanaucheza, lakini ni wachache wanaojua ulivyozaliwa.

Ulizaliwaje?

Mwezi wa Januari na Februari 1960 viongozi wa Kongo walikutana na Wabelgiji mjini Brussels kuzungumzia uhuru. Joseph Kabasele na bendi yake, African Jazz, walikwenda huko kupiga muziki. Jina lisikupoteze: kwetu wakati ule "jazz" ilikuwa bendi ya kisasa tu, na wimbo huu ni cha-cha ya Kikuba iliyoimbwa kwa Lingala. Pamoja na Nico Kasanda kwenye gitaa walikuwepo Vicky Longomba na Brazzos, wanamuziki wa OK Jazz, washindani wakubwa wa African Jazz. Wapinzani walipanda jukwaa moja.

Tarehe 30 Juni 1960 ilipokubaliwa kuwa siku ya uhuru, wimbo ukatungwa. Unataja vyama na viongozi waliokuwa mezani, wakiwemo Kasavubu, Lumumba, Kalonji na Tshombe. Redio iliusambaza, ukapendwa hata nje ya Kongo.

Baada ya ngoma

Furaha haikudumu. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Mwezi uliofuata Kalonji akafanya vivyo hivyo Kasai ya Kusini. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa hapa Katanga. Kwetu Baluba wa Katanga, wafuasi wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe walipigana na askari wa Tshombe. Zaidi ya miaka 30 baadaye, 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mkoani, na treni za kuwarudisha Kasai zilipita kwenye reli yetu hii.

Wimbo unarudi

Mwaka 2010, uhuru ulipotimiza miaka 50, Baloji, mwanamuziki wa rap aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji, alitoa toleo lake alilorekodi Kinshasa. Aliuita kwa Kifaransa Le Jour d'Après, na kwa Kiswahili chetu Siku ya Baadaye. Ngoma ni ile ile, lakini maneno ni mapya: anauliza uhuru ule tuliufanyia nini.

Swali hilo linatuhusu. Kuwataja wapinzani pamoja ni mwanzo mzuri, lakini si amani. Vijiji viwili vikipatana juu ya shamba au ziwa la kuvulia samaki, tunapeana mikono, tunapiga ngoma, tunakwenda nyumbani. Kama hakuna anayerudi mwezi unaofuata kuangalia kama mapatano yanafuatwa, ugomvi huanza upya.

Kwa vikundi vya mazungumzo

Sikilizeni matoleo yote mawili, kisha mjiulize:

1. Katika kijiji chetu, ni majina gani hayajawahi kutajwa pamoja?
2. Mapatano yetu ya mwisho yalivunjika siku gani, na kwa nini?
3. Nani atasimamia siku ya baadaye?