Kengele na Taa za Foklifti

Leo tutazungumza habari za foklifti, yaani lile gari fupi lenye meno mawili ya chuma mbele, linaloinua mizigo bandarini na katika maghala. Wengine wenu hufanya kazi karibu nalo kila siku. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: KENGELE, TAA, NYUMA.

Foklifti ya kuinua tani 2 na nusu huwa na uzito wake wenyewe wa karibu tani 4. Ni lazima iwe nzito nyuma, isije ikapinduka kwa mzigo ulio mbele. Tena hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, siyo ya mbele kama motokaa, hivyo mkia wake hutupwa upande. Sasa fikirini dereva aliyebeba magunia 20 ya kahawa, kila gunia kilo 60. Hizo ni kilo 1,200, nazo zimemziba macho. Ndiyo maana huendesha kinyumenyume, na mchukuzi aliyeinama nyuma yake hana habari.

Basi, mwenye ghala akienda kununua kengele, wengi husema, "Nipe ile yenye kelele kuliko zote." Hapo hukosea.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Watu wawili wakizungumza kwa kawaida, sauti yao ni kama desibeli 60. Kengele za kurudi nyuma huuzwa za 87, za 97, za 107, hata za 112. Ile ya 112 yafaa machimboni, penye mashine kubwa zinazonguruma. Ukiileta chini ya paa la bati itaumiza masikio, kwani mtu akaaye saa 8 kila siku katika kelele za desibeli 85 na zaidi yumo hatarini kupoteza usikivu wake. Na kuna ubaya mwingine. Niliwahi kuingia katika ghala moja lenye foklifti tatu zikilia pamoja. Wachukuzi walipita katikati yake bila kugeuza shingo, kama vile jirani wa mashine ya kusaga asivyoisikia tena.

Iliyo bora kwa ghala ni kengele inayojipima. Hiyo husikiliza kelele zilizopo, kisha hulia kwa kuzizidi kidogo, mara nyingi desibeli 5 au 10. Ghala likiwa kimya, nayo hupunguza sauti.

Angalieni pia namna ya mlio. Kengele ya zamani hulia pii, pii, pii. Mlio huo hugonga ukuta na kurudi, na mtu asijue unatoka wapi. Huenda akaruka kuelekea kwenye hatari yenyewe. Kengele nyingine hulia shaa, shaa, kama maji yamwagikayo. Hiyo sikio huitambua upesi ilikotoka. Kama fedha zinatosha, mimi ningenunua hiyo.

Lakini aliyeziba masikio kwa ajili ya kelele, au asiyesikia kabisa, kengele itamfaa nini? Huyo ahitaji taa. Iko taa ya buluu inayotupa doa la mwanga sakafuni, mita 3 hadi 6 mbele au nyuma ya foklifti. Ukiwa nyuma ya rundo la magunia utaona doa likijitokeza penye kona kabla ya foklifti yenyewe. Foklifti za betri huja kimya sana, na kwa hizo taa hii ni ya lazima, naona mimi. Taa nyekundu huchora mstari ubavuni, kuwaonyesha watu wasikaribie mkia. Uani penye jua kali mwanga wa sakafuni hauonekani. Huko fungeni juu ya paa taa ya njano inayomweka. Na kioo kifutwe kila asubuhi, kwa maana vumbi la kahawa hulifisha doa lote.

Sasa hesabu. Foklifti ikienda kilometa 10 kwa saa, hupita karibu mita 2.8 kila sekunde. Doa likiwa mita 5 mbele yake, una muda usiofika sekunde 2 wa kuondoka. Ikienda kilometa 5 kwa saa, unapata zaidi kidogo ya sekunde 3 na nusu. Kwa hiyo dereva asiseme, "Nina taa," akaongeza mwendo.

Kazi ya darasa. Mwalimu, pima mita 5 sakafuni. Mwanafunzi mmoja asimame mwisho wa kipimo, amegeuka ukutani, na mzigo begani. Mwambie, "Toka!" kisha mhesabie sekunde 2. Je, ametoka njiani?