Kukagua Vitegemezi vya Maktaba Shirikishi kwa Mstari wa Amri: Mfano wa liblzma, 2024

Ikisiri

Makala hii inafafanua njia za kukagua, kwa mstari wa amri, maktaba shirikishi zinazotegemewa na programu katika mfumo wa Linux. Hoja inayojengwa ni kwamba swali "programu hii inategemea nini?" kwa hakika ni maswali matatu: faili imetaja nini, kipakizi kitaleta nini, na mchakato unaoendelea umeshika nini. Kila swali lina amri yake, na jibu la moja halitoshi kwa jingine. Mfano unaotumika ni mlango wa nyuma uliofichwa ndani ya maktaba ya liblzma.

1. Utangulizi

Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wajenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data, yalikuwa yametiwa msimbo wa siri. Alichokiona kwanza kilikuwa kidogo sana. Katika kupima kasi ya kazi nyingine kabisa, aligundua kwamba kuingia katika mashine yake kwa njia ya SSH kulichelewa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Kasoro hiyo ilisajiliwa kwa jina la CVE-2024-3094. Ilimwezesha mtu mwenye ufunguo maalumu kuendesha amri katika seva ya mwingine bila kuwa na akaunti humo.

Jambo la kushangaza ni kwamba OpenSSH, kama inavyotolewa na waandishi wake, haitumii liblzma hata kidogo. Je, msimbo uliofichwa katika maktaba ya kubana data ulifikaje kwenye mlango mkuu wa seva? Jibu limo katika vitegemezi. Ni jibu ambalo msimamizi yeyote wa seva angeweza kulipata kwa amri moja, miaka kadhaa kabla ya tukio, lau angalifikiri kuuliza.

2. Istilahi

Mswahili akisikia neno maktaba huwaza rafu za vitabu. Katika taaluma ya kompyuta, maktaba ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa ambazo programu nyingine huziazima. Ikiwa shirikishi, nakala moja iliyo katika diski na katika kumbukumbu ya kompyuta huhudumia programu nyingi kwa wakati mmoja. Natumia "shirikishi" nikijua kwamba wapo watakaoona neno hili limezoeleka zaidi katika maana ya kuwahusisha watu. "Maktaba ya pamoja" ingefaa pia, ila hurefusha sentensi. Kipakizi ni programu ndogo inayotangulia kuamshwa kila programu inapoanzishwa, ikazitafuta maktaba zake na kuziunganisha nayo. Hutazama njia zilizoandikwa ndani ya faili yenyewe na zile za kigeu cha LD_LIBRARY_PATH, kisha orodha iliyomo katika /etc/ld.so.cache, na mwisho saraka za kawaida kama vile /lib na /usr/lib.

3. Faili imetaja nini

Kila faili tekelezi ya aina ya ELF hubeba orodha ya majina ya maktaba inazozihitaji moja kwa moja. Orodha hiyo husomwa hivi:

readelf -d /usr/sbin/sshd | grep NEEDED

Amri hii husoma tu, haiendeshi chochote. Kwa sababu hiyo ndiyo inayofaa kwa faili isiyoaminika. Pale ambapo readelf haipo, objdump -p hutoa orodha ileile.

Katika Debian ya wakati ule, orodha ya sshd ilikuwa na libcrypto, libpam na nyinginezo, pamoja na libsystemd.so.0. Liblzma haikutajwa. Msimamizi aliyeishia hapo angeondoka ametulia, na angekuwa amekosea. Libsystemd haikuwekwa na waandishi wa OpenSSH: wafungashaji wa Debian, na vilevile wa Fedora, waliiongeza ili sshd iweze kuiarifu systemd kwamba imekwisha kuanza kazi. Ukiigeukia libsystemd yenyewe kwa amri ileile, wakati ule ungelikuta jina liblzma.so.5, kwa kuwa systemd hubana kumbukumbu za matukio. Kwa hiyo uhusiano ulikuwa wa hatua mbili. Kwa ajili ya ujumbe mfupi wa "niko tayari", maktaba nzima ya kubana data iliingizwa ndani ya mchakato wenye mamlaka makubwa kuliko karibu yote katika seva.

4. Kipakizi kitaleta nini

Ili kuona ukoo mzima kwa pamoja, hutumika ldd:

ldd /usr/sbin/sshd

Hapo ndipo mstari wa aina hii ungeonekana:

liblzma.so.5 => /lib/x86_64-linux-gnu/liblzma.so.5

Upande wa kushoto ni jina lililoombwa, na upande wa kulia ni mahali kipakizi kilipolipata. Maktaba isipopatikana, maneno not found huandikwa upande wa kulia. Hilo ndilo tatizo linalowaleta watu wengi kwenye amri hii kwa mara ya kwanza, programu inapokataa kuanza baada ya kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine. Faili ikiwa imejengwa pamoja na maktaba zake zote ndani, ldd itajibu kwamba haina vitegemezi vya aina hii. Jibu hilo lisichukuliwe kuwa cheti cha usalama: msimbo wa maktaba umo humo humo, ila hauna tena jina la kuutambulia.

Kuna mambo mawili ya kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni kwamba ldd si msomaji mtulivu kama readelf. Ni skripti inayoweka kigeu cha LD_TRACE_LOADED_OBJECTS na kumtaka kipakizi aorodheshe anachokipakia. Katika baadhi ya hali faili inayokaguliwa huendeshwa kwa namna fulani, na mwongozo wa ldd wenyewe unaonya kwamba isitumiwe kwa faili isiyoaminika. Skripti ndogo ya utambuzi iliyoambatana na tangazo la Machi 2024 iliitumia ldd kuitafuta njia ya liblzma. Kwa maoni yangu, huo ni mfano mzuri wa jinsi mazoea yanavyotushinda sote, hata katika siku ambayo tahadhari ilihitajika zaidi.

La pili ni kwamba jina halionyeshi toleo. Liblzma.so.5 ni jina la familia; toleo lililo salama na lile lililotiwa sumu yote hujibu kwa jina hilohilo. Jina hilo kwa kawaida ni kiungo tu, na faili yenyewe hupatikana hivi:

readlink -f /lib/x86_64-linux-gnu/liblzma.so.5

Jibu likiishia kwa 5.6.0 au 5.6.1, kuna sababu ya kuhangaika; hata hivyo, baadhi ya wafungashaji walirudisha msimbo wa zamani chini ya namba mpya, kwa hiyo uthibitisho wa mwisho hutolewa na msimamizi wa vifurushi, kama vile dpkg au rpm.

5. Mchakato umeshika nini

Programu inaweza pia kuita maktaba ikiwa katikati ya kazi, kwa kazi iitwayo dlopen, bila kuitaja mahali popote katika orodha yake. Moduli za PAM, ambazo huthibitisha nywila, hupakiwa hivyo. Readelf wala ldd hazitazionyesha. Baada ya tukio hili jambo hili limezidi kuwa na uzito. Systemd toleo la 256, la mwaka 2024, liliigeuza liblzma kuwa maktaba inayoitwa pale tu inapohitajika. OpenSSH 9.8, ya Julai mwaka huohuo, ikaongeza njia yake yenyewe ya kuiarifu systemd, isiyohitaji libsystemd. Yote mawili ni maendeleo. Hata hivyo, la kwanza lina gharama: kitegemezi kilichokuwa kikionekana kwa ldd sasa hakionekani. Wajenzi wa systemd walilitambua hilo, wakaanza kuandika ndani ya faili zao maelezo ya maktaba zinazoweza kuitwa kwa namna hiyo.

Shahidi asiyepitwa na haya ni kerneli, ambayo huorodhesha kila faili iliyomo katika kumbukumbu ya mchakato:

sudo grep lzma /proc/$(pgrep -ox sshd)/maps

Orodha hii hufichua pia kosa linalofanywa na wasimamizi waangalifu. Maktaba mbovu ikishabadilishwa katika diski, mchakato ulioanza kabla ya hapo huendelea kuishika nakala ya zamani, na ldd, kwa kuwa inatazama diski, itaonyesha kwamba mambo ni shwari. Kerneli huiandika nakala hiyo kwa alama ya deleted. Michakato yote ya namna hiyo hupatikana hivi:

sudo grep -l 'liblzma.*(deleted)' /proc/[0-9]*/maps

Kila namba itakayojitokeza ni huduma ambayo bado haijaanzishwa upya.