Kabla hujanunua ruta mpya, soma namba hizi mbili

Mwezi uliopita nimekosa oda ya vitunguu saumu, gunia nne. Mteja wa Arusha alitaka video ya mzigo, mimi niko Tlawi, video inazunguka tu mpaka akanunua kwa mwingine. Nikalaumu bando, nikaweka lingine. Wapi!

Kumbe jibu lilikuwa ndani ya ruta. Fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta (nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1), ingia, tafuta RSRP na SINR.

RSRP ni nguvu ya mawimbi ya 4G. Huwa hasi, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -110. Yangu ilisoma -114, maana ruta niliificha stoo nyuma ya magunia. Nikaipeleka dirishani upande wa mnara: -97. SINR ni usafi wa mawimbi, hapa namba kubwa ndiyo nzuri. Ukiona 20 uko vizuri. Ikikaribia 0 mawimbi yana makelele, hata kama vimistari vya mtandao vimejaa. Vimistari mimi sivisikilizi tena.

Namba zikiwa nzuri na jioni bado inakwama, usihangaike na ruta, huenda watu wamejaa kwenye mnara. Video zangu nazipandisha saa 11 alfajiri.

Huna ruta? Kwenye Android nyingi nenda Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM, utaona namba yenye dBm. Zunguka nayo nyumba nzima kabla hujatoa hela.