Ukali wa Manukato: Msamiati wa Harufu na Ngozi katika Kiswahili cha Kariokor

Kivumishi -kali kimebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili. Kisu ni kikali, mbwa ni mkali, siki ni kali, jua ni kali, na mzazi asiyecheka na watoto ni mkali vile vile. Katika mazungumzo ya vijana wa Nairobi hata wimbo unaopendeza huitwa mkali. Mzigo huo hauleti taabu maadamu nomino inayofuatana na kivumishi yatosha kuonyesha maana iliyokusudiwa. Taabu huanza pale ambapo nomino moja hukubali maana tatu kwa wakati mmoja. Mafuta ya kunukia yakiitwa makali, msikiaji hawezi kujua kama yana harufu yenye nguvu, au hayakuzimuliwa, au yanaumiza ngozi. Kwa mtu ambaye ngozi yake haistahimili, hilo la tatu ndilo analotaka kujua, nalo ndilo asiloambiwa akijibiwa kwamba mafuta ni "makali kidogo".

Makala haya yanalichunguza tatizo hilo kwa kuutazama Kiswahili cha mtaa wa Kariokor, jijini Nairobi. Jina la mtaa, kama lile la Kariakoo ya Dar es Salaam, lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa mwanaisimu mtaa huu una faida moja, nayo ni kwamba umekaa mahali ambapo Viswahili kadha hukutana. Pumwani, ambako Kiswahili chenye asili ya pwani kilishika mizizi miongoni mwa Waislamu wa zamani wa mji, i jirani; Pangani na Ngara zi upande wa pili; na Eastleigh, ambako Wasomali wamekuja na uunsi wao wa kufukiza, haiko mbali. Soko la Kariokor lenyewe lajulikana zaidi kwa viatu, mikoba na vyondo kuliko kwa manukato, na neno ngozi likitajwa humo hufahamika kwanza kuwa ngozi ya mnyama iliyotengenezwa. Lakini mtaani humo mna pia makaburi ya Waislamu, na kwa sababu hiyo kafuri, ubani na marashi ni maneno yasiyohitaji kufasiriwa kwa wakazi wengi, hata wasiokuwa Waislamu.

Yafaa kuanza na kitenzi. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazotenga harufu nzuri na mbaya ndani ya mnyambuliko wenyewe. Samaki aliyeoza ananuka, waridi linanukia. Umbo la -nukia ni la kauli ya kutendea, lakini maana ya kutendea imefifia: waridi halimnukii mtu fulani, linanukia tu, na sifa njema imo ndani ya kitenzi. Umbo la kutendesha, -nusa, halina upande. Mtu hunusa jasmini na hunusa jaa. Nomino manukato imekwenda kinyume cha matarajio, kwani imeundwa juu ya -nuka, kitenzi cha uvundo, na hata hivyo hutaja vitu vizuri pekee. Inaelekea kwamba mzizi wa kale haukuwa na ubaya, na kwamba ubaya uliingia baada ya -nukia kuuchukua uzuri.

Msemaji wa Nairobi ambaye lugha yake ya kwanza haina utengano huu mara nyingi husema "yananuka vizuri". Mtu wa pwani akisikia hivyo hukunja uso, na walimu wamezoea kusahihisha. Kosa hilo, ikiwa ni kosa, halimdhuru mtu, maana kielezi kimeifanya kazi iliyoachwa na kinyambuo. Upungufu unaodhuru upo mahali pengine, nao haujasahihishwa.

Upungufu huo ni wa vitenzi vya kutumia manukato. Mapokeo ya pwani hayakuyapanga manukato kwa harufu tu. Yaliyapanga kwa namna yanavyofika mwilini. Udi na ubani hufukizwa katika chetezo. Marashi hurashiwa kutoka katika mrashi, chombo chenye shingo ndefu. Majina yote mawili yametoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunyunyiza. Uturi, yaani mafuta yaliyokolea, hupakwa kwa ncha ya kidole. Singo na liwa husingwa, maana yake husuguliwa juu ya ngozi na baadaye huoshwa au huachwa yakauke. Kikuba, kifungu cha majani na maua ya kunukia, huvaliwa. Aliyesema "amejifukiza" alikuwa amekwisha kueleza kwamba moshi ndio uliomfikia, na kwamba pengine ni nguo zake tu zilizotandazwa juu ya chetezo. Aliyesema "amejisinga" alikuwa ameeleza kinyume chake.

Mpango huo una thamani ambayo haikutambuliwa na watunga kamusi. Wao wamezoea kulieleza jina la kitu chenye kunukia kwa kusema kwamba ni aina ya manukato, kisha wakaishia hapo. Mwenye kusoma hajui kama tibu hupakwa au hufukizwa, wala kama dalia ni unga au mafuta. Kwa msomaji wa mashairi ya kale upungufu huo ni kero ndogo. Kwa mtu mwenye ukurutu ni jambo kubwa zaidi, kwa kuwa njia ya manukato kufika mwilini ndiyo inayoamua kama ngozi itaguswa au haitaguswa.

Katika biashara ya mafuta ya leo vitenzi hivi vimepungua hadi viwili, kujipaka na kujipulizia. Neno udi nalo limetanuka. Kwa asili ni mti: gogo la miti ya jamii ya Aquilaria ya kusini na kusini-mashariki ya Asia, ambayo hutoa utomvu wenye kunukia inaposhambuliwa na kuvu. Zanzibar neno hilo lilikubali pia mchanganyiko wa vijiti, sukari na manukato unaopikwa majumbani. Sasa kuna udi wa vijiti vya kuwasha na kuna mafuta ya udi ya kupaka, na ya mwisho huweza kuwa mchanganyiko wa viwandani usio na gogo lolote ndani yake. Jina limebaki moja ilhali njia ya kufika mwilini imebadilika. Na kichupa kidogo kilichomiminiwa kutoka katika chupa kubwa hakina karatasi ya maelezo, kwa hiyo maneno ya muuzaji ndiyo maelezo yote aliyo nayo mnunuzi.

Maneno hayo huwa mawili au matatu. La kwanza ni kwamba mafuta "hayana spiriti". Kwa Mwislamu anayejiandaa kwa sala, sifa hiyo ina uzito wake wa kidini. Walakini imevuka mpaka wake na kuchukuliwa kama ushahidi kwamba mafuta ni mapole kwa ngozi. Spiriti huchonyota juu ya ngozi iliyochubuka, ni kweli. Lakini mafuta yasiyo na spiriti huwa yamekolea zaidi na hukaa juu ya ngozi muda mrefu zaidi. Neno la pili ni "asili". Karafuu ni ya asili, na mafuta yake, ambayo Pemba hukenekwa katika kiwanda cha Wawi, sehemu yake kubwa ni yujenoli, kitu kinachojulikana sana kwa wataalamu wa ngozi kwa kuleta mzio. Mdalasini, waridi na langilangi navyo vina visababishi vyao. Mafuta ya waridi peke yake yana mamia ya viambato, na atakayechanganya waridi, udi, miski na langilangi katika kichupa kimoja amejenga kitu ambacho pua haiwezi kukichambua, na ngozi haiwezi kusema ni kipi kilichoikera.

Uchambuzi huo ulihitaji njia maalumu. Mwaka 1895 daktari Mjerumani Josef Jadassohn alieleza jaribio la kubandika kitu juu ya ngozi na kungoja. Utafiti wa Walter Larsen wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1977, ulizaa mchanganyiko wa vitu 8 ambao hutumika kupima mzio wa manukato. Yujenoli ni kimojawapo. Sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 2003 ilidai vitu 26 vya kunukia viandikwe kwa majina juu ya bidhaa vinapozidi kiasi fulani, na mwaka 2023 orodha hiyo ilipanuliwa kupita 80.

Hapa Kiswahili kina hazina ambayo haijatumiwa. Madaktari hutenga mambo mawili: ngozi iliyokerwa papo hapo na kitu chenye nguvu, na ngozi ambayo mwili wenyewe umejifunza kukikataa kitu, hata kidogo, na kuonyesha kukataa kwake baada ya siku moja, mbili au tatu. Watu wa kawaida wanayo maneno yanayokaribia mgawanyo huo. Kuchonyota ni maumivu ya mara moja, kama ya ndimu katika kidonda. Kuwasha hutokea polepole, hudumu na huita kucha. Nacho, inavyoelekea, ni kutendesha kwa -waka, moto unaochelewa. Kubabuka ni hatua nyingine, na malengelenge ni nyingine. Muuzaji akiulizwa "Je, yanachonyota au yanawasha baadaye?" ameulizwa maswali mawili yaliyo wazi. Akiulizwa "Ni makali?" hakuulizwa kitu.

Istilahi mzio imepata bahati njema. Kwa asili ni kitu, hasa chakula, ambacho mtu fulani au ukoo fulani hujiepusha nacho kwa sababu humdhuru au kimekatazwa. Kwamba kitu chaweza kumdhuru mmoja na kumwacha jirani yake salama, ndiyo maana yenyewe ya mzio wa kitabibu, na waliolichagua neno hilo hawakuhitaji kukopa. Haiwezekani kusema hivyo juu ya "ngozi nyeti". Nyeti ni neno ambalo watu wazima wengi hulihusisha na sehemu za siri, na mteja atakayetangaza dukani kwamba ana ngozi nyeti huenda akachekwa. "Ngozi isiyostahimili" ni ndefu, lakini inaeleweka bila kicheko.

Tafsiri za maelezo ya madawa zina kasoro nyingine. Nyingi humwambia msomaji atazame kama ngozi imekuwa nyekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kwa shida au hauonekani kabisa. Kinachoonekana ni vipele, uvimbe, kuparara, na baadaye doa jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka. Mtu wa Kariokor akifuata tafsiri hiyo neno kwa neno atahitimisha kwamba mafuta hayakumdhuru, huku mkono wake ukimwambia vingine.

Jaribio la nyumbani laweza kuelezwa kwa maneno yaliyopo. Mafuta huzimuliwa kwanza kwa mafuta yasiyonukia; kitenzi -zimua, kinachotumika kwa maji ya moto na kwa kileo, kinafaa kabisa hapa. Tone moja hupakwa ndani ya kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kifundo, mahali pale pale mara mbili kwa siku, kwa muda wa juma moja au mawili. Mafuta ya aina moja tu hujaribiwa kwa wakati mmoja. Kikitokea chochote, huoshwa na huachwa. Na mwenye historia ya kubabuka au kuvimba hana budi kumwona daktari kabla ya kujaribu. Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya viambato, kama linaloli, hugeuka vikipigwa na hewa na kuwa vibaya zaidi kwa ngozi, kwa hiyo kichupa kilichokaa wazi si kile kilichojaribiwa mwanzo.

Kuieleza harufu yenyewe ni kazi tofauti, na katika hilo Kiswahili hakina sababu ya kuiga Ulaya, ambako watengenezaji wa manukato walikopa msamiati wa muziki tangu karne ya 19. Majid na Burenhult walionyesha mwaka 2014 kwamba Wajahai wa Malaysia huzitaja harufu kwa maneno maalumu kwa wepesi ule ule wanaozitajia rangi. Kiswahili kina machache ya namna hiyo, nayo mengi ni ya ubaya: shombo, uvundo, kikwapa. Kwa uzuri hukopa kutoka milango mingine ya fahamu, na harufu huwa tamu, nzito, nyepesi au baridi. Lakini kina vitenzi vya mwendo: harufu huja, hutua, hukaa, hupotea. Mafuta yaliyochanganywa hubadilika saa hata saa juu ya ngozi, na vitenzi hivyo huyafuata vizuri kuliko vivumishi. Yaweza kupendekezwa basi istilahi tatu: harufu tangulizi, harufu kiini, na harufu masalia.

Maelezo ya kidahizo katika kamusi ijayo yangeweza kuchukua sura hii:

Langilangi: mafuta yanayokenekwa kutoka maua ya mlangilangi, harufu yake ni tamu na nzito, huja upesi na hukaa. Hupakwa baada ya kuzimuliwa. Huweza kuleta mzio, na kuwasha huanza baada ya siku moja hadi tatu.