Simu inakwama na chaji inaisha haraka: punguza michoro inayocheza

Umetoka Magugu au Dareda asubuhi, chaji imejaa. Mchana uko Babati mjini, unataka kutuma pesa, unakuta imebaki asilimia 5. Hujapiga simu nyingi, umefungua tu programu mbili tatu. Kwa msikilizaji anayelipia kuchaji dukani, hiyo ni hasara. Na usiku mtu akiugua, huenda simu hiyo ndiyo pekee nyumbani ya kumwitia bodaboda.

Chanzo kimoja ni michoro inayocheza ndani ya programu: kiduara kinachozunguka, picha zinazoteleza, kurasa zinazoingia kwa madoido. Wataalamu huiita uhuishaji.

Inakulaje chaji?

Kioo cha simu nyingi huweza kuchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Maana yake, simu ina milisekunde 16 hivi tu za kuandaa kila picha. Kitu kikitembea kwenye kioo, prosesa haipumziki. Kwenye simu ya bei nafuu picha huchelewa, nyingine hurukwa, nawe unaona programu inakwamakwama. Chaji inaliwa, na kazi haiendi.

Ufanye nini?

1. Kwenye simu nyingi za Android, fungua Mipangilio, nenda sehemu ya ufikivu, tafuta "Ondoa uhuishaji", kisha washa. Kurasa zitafunguka bila madoido. Si kila programu itatii, lakini nyingi hutii.

2. Washa kiokoa betri mapema ukiwa safarini, usisubiri chaji iishe.

3. Zima video zinazojicheza zenyewe kwenye mitandao ya kijamii. Utaokoa na bando.

4. Ukisikiliza redio kwa programu, zima kioo. Kwa kawaida sauti huendelea, na mawimbi yanayocheza kwenye kioo hayana kazi kama huyatazami.

5. Fungua sehemu ya betri kwenye Mipangilio uone programu ipi imekula chaji zaidi. Kama huihitaji, iondoe.

Tusidanganyane: uhuishaji si mlaji pekee. Mwanga mkali wa kioo na mtandao hafifu navyo hula sana, kwa hiyo punguza mwanga pia.

Kwa vijana wanaotengeneza programu

Simamisha mchoro mara mtumiaji anapotoka kwenye ukurasa. Sogeza kitu kimoja bila kuilazimisha simu kupanga upya ukurasa mzima. Mtumiaji akiwa ameondoa uhuishaji, programu yako imsikilize. Na kabla ya kuitoa, ijaribu kwenye simu ya bei nafuu kama waliyonayo wateja wako, si kwenye yako mpya tu.

Anza leo na hatua ya kwanza. Kesho jioni angalia chaji iliyobaki, ulinganishe na ya leo.