Nyumba Njema si Mlango: Nakshi, Zidaka na Halwa za Pwani

Jina la Makongeni, kule Thika, ni la Kiswahili kitupu: mahali penye makonge. Siku hizi makonge yamepisha majumba ya ghorofa na safu za vyumba vya kupangisha, na wakazi wa mtaa huo ni watu wa viwandani, wachuuzi na mafundi waliotoka pembe zote za nchi. Mtaa uko kando ya barabara iendayo Garissa. Msafiri akiifululiza barabara hiyo hadi Garissa, kisha akaandama Mto Tana kuteremka, humtoa Mokowe, na ng'ambo ya maji ni Lamu. Basi Makongeni na Lamu ni ncha mbili za njia moja.

Ila baina ya ncha hizo kuna tofauti kubwa ya namna nyumba inavyojengwa na kupambwa, na hapo ndipo lilipo neno letu la leo. Mpwani apangaye chumba Makongeni hukuta kuta za mawe na saruji, dirisha la chuma, na aghalabu sharti la mwenye nyumba kwamba ukuta usipigwe msumari. Atakachokileta kwao ni mkeka, mswala, chetezo cha udi, na halwa iliyofungwa vizuri isimwage samli njiani. Na yule aliyejaaliwa kiwanja akajenga nyumba yake mwenyewe huko bara, mara nyingi hutamani kitu kimoja zaidi: mlango wa kale wa nakshi, ili kila apitaye ajue kuwa hapa amekaa mtu wa pwani.

Tamaa hiyo ni njema, lakini ina hatari ndani yake. Ili tuione hatari hiyo, yafaa kwanza tujue ustadi wenyewe ulikuwa nini na ulitumika kwa kazi gani.

KUTA ZA LAMU

Nyumba ya mawe ya Lamu, kama zile zilizojengwa katika karne ya 18, haikujengwa ili impendeze mpita njia. Kwa nje ni ukuta mtupu wa mawe ya matumbawe, na daka lenye baraza mbili za kukalishia mgeni. Akikaribishwa, mgeni huingia kiwandani, uwanda usioezekwa ambao ndio uletao mwanga na upepo. Kutoka hapo ni msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, chumba cha mwenye nyumba na watu wake. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wao ulikatwa na urefu wa boriti za mikoko, ambazo aghalabu hazizidi mita tatu.

Kadiri mtu anavyozidi kuingia ndivyo mapambo yanavyozidi, na kule ndani kabisa ndiko kwenye ukuta wa zidaka. Zidaka ni vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, vikazungushiwa nakshi za chokaa. Chokaa hiyo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la kuni, kisha yakazimwa kwa maji na kuachwa yakae muda mrefu mpaka yalainike. Fundi hukata nakshi kwa kisu kabla chokaa haijakauka, naye hana nafasi ya kukosea, kwa maana ikishashika haibembelezeki.

Katika zidaka hizo viliwekwa vyombo vya kaure kutoka China, vitabu na vitu vya thamani vya nyumba. Wako walioamini kuwa sahani zile hupokea kijicho badala ya watu wa nyumbani. Mshairi wa Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuionya nafsi yake juu ya dunia katika utendi wa Inkishafi, alizitaja zidaka hizo hizo: zamani zilikuwa za vyombo, baadaye zikawa malazi ya ndege. Hakuona mfano ulio karibu zaidi na macho ya wasomaji wake wa kuonyesha kuwa fahari hupita.

Wala tusisahau jambo moja. Mawe yale na chokaa ile, sehemu kubwa, vilibebwa na watumwa ambao majina yao hayakuandikwa juu ya kizingiti chochote. Asifuye jumba na awakumbuke na hao.

MLANGO NI WA NANI?

Watu wengi huita milango yetu ya nakshi milango ya Kiarabu. Neno hilo lina ukweli wake na lina upungufu wake. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alizisifu nyumba za Kilwa na milango yake ya mbao iliyochongwa kwa ustadi. Waarabu wa Omani waliiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, na enzi yao ya Unguja ikanawiri katika karne ya 19. Basi milango ilichongwa katika mwambao huu zaidi ya miaka 150 kabla ya Mreno kuondolewa Mombasa.

Kweli, baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja kazi hiyo ilipata nguvu mpya. Matajiri walishindana kwa milango, na mwanawe, Sayyid Barghash, alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, milango yake ilikuwa miongoni mwa maajabu yenyewe. Miti ya msaji ililetwa kutoka Bara Hindi, na mafundi wa Kihindi nao wakaleta mikono yao. Ndiyo sababu milango mingine ya Unguja ina kizingiti cha juu kilichonyooka na maandishi ya Kiarabu, na mingine ina upinde na maua yaliyojaa pomoni. Samaki, mnyororo, yungiyungi na mtende vyote huonekana humo. Fundi wa Kiswahili alijifunza kwa Mwarabu na kwa Mhindi, akaongeza yake. Mtu akiuliza mlango huu ni wa nani, jibu ni kwamba ni wa bahari hii yote na watu wake.

Lakini mlango una maadui. Jua, chumvi na mchwa ni maadui wa zamani. Mpya ni soko la vitu vya kale. Mlango ukitolewa katika nyumba ya Lamu au ya Mombasa ya Kale, hutoka pamoja na mwimo wake na mfaa wake, na nyumba hubaki na tundu linalozibwa kwa matofali. Sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 imeliona hilo: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kilichohifadhiwa, wala hakitolewi nje ya nchi pasi na kibali. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Hata hivyo orodha haishiki ukuta usianguke. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ilipokuwa ikitengenezwa, na watu wawili wakafa.

HALWA HAINA HARAKA

Sasa tuugeukie ustadi mwingine, ule ambao hauhitaji ukuta. Halwa yetu ni ndugu wa halwa ya Omani, na mapishi yake hayana siri kubwa: sukari, wanga, maji, samli, iliki, zafarani, kungumanga, lozi au korosho, na marashi ya mawaridi. Siri imo mkononi. Sufuria kubwa ya shaba hutelekwa, wanga ulioyeyushwa hutiwa katika sukari ichemkayo, na tangu hapo mwiko hausimami. Mpishi hukoroga kwa saa mbili na zaidi, akitia samli kidogo kidogo, mpaka halwa iwe nzito, ing'ae, iache kushika sufuria na ianze kuitema samli yake. Akipumzika kitambo tu, chini huungua, na harufu ya kuungua haifichiki kwa marashi.

Halwa ikipikwa hivyo hukaa wiki nyingi bila kuharibika, nayo ndiyo sababu imekuwa msafiri mzuri. Zamani ilitiwa katika vikapu vidogo vya ukindu, ikavuka bahari kwa majahazi. Leo husafiri kwa basi la usiku kutoka Mombasa, na asubuhi inafunguliwa Thika ikiwa vile vile.

Huliwa kidogo kidogo, kwa ncha za vidole, pamoja na kahawa chungu, kwa sababu utamu usio na uchungu wa kuukata hukinaisha upesi. Nikahi ikishasomwa, halwa hupitishwa. Mkono wa Idi ukishatolewa, halwa huletwa. Ni ushahidi wa furaha, na mara nyingi yule aliyekosa kuionja hunung'unika kuliko yule aliyekosa biriani. Lakini nayo imeingiliwa. Pengine mahali pa samli pametiwa mafuta ya bei nafuu, na mahali pa zafarani pametiwa rangi ya kopo. Kwa macho ni halwa, ila ulimi haudanganyiki.

WENZETU WA MOROKO

Katika mwaka 1331 alipita katika mwambao wetu Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika nchi ya Moroko. Alipofika Mombasa aliona misikiti ya mbao iliyojengwa vyema, na mlangoni mwake visima vya kutawadhia na kipande cha jamvi cha kupangusia miguu. Msafiri aliyezoea majumba ya kwao hakudharau mbao zetu. Alichokiandika ni usafi wa mlango na heshima ya kuingia.

Na huko kwao, ustadi kama huu wetu ungali hai. Mafundi wa Fes hukata vigae vidogo vidogo kwa nyundo, kimoja baada ya kingine, wakavipanga viwe nyota. Wale wa Marrakech hupaka kuta chokaa iitwayo tadelakt, wakaisugua kwa jiwe laini na sabuni nyeusi ya zeituni mpaka ing'ae na isipitishe maji. Huyo ni ndugu wa fundi wetu wa chokaa. Katika vitamu vyao kuna kaab el ghzal, yaani visigino vya swala, andazi jembamba la umbo la mwezi mwandamo lililojazwa lozi zilizopondwa pamoja na maji ya maua ya mchungwa. Kuna na chebakia, unga wenye ufuta uliosokotwa kama ua, ukakaangwa na kutoswa katika asali, nao haukosi katika futari zao za Ramadhani kama vile kaimati isivyokosa katika zetu.

Kwa nini ustadi wao haukufa? Sababu ni nyingi, lakini moja iko wazi: bado wanauagiza. Msikiti wa Hassan II wa Casablanca, uliofunguliwa mwaka 1993, uliwakusanya maelfu ya mafundi wa vigae, mbao na chokaa. Hawakung'oa nakshi za misikiti ya kale wakazihamishia humo. Waliwapa wachongaji kazi mpya, na kijana aliyeingia humo akishika nyundo kwa kubahatisha akatoka fundi. Fundi hadumu kwa kusifiwa. Hudumu kwa kupewa kazi.

LA KUFANYA

Hapa ndipo turudi kwa mwenzetu ajengaye bara. Akinunua mlango wa kale ulioporwa katika nyumba ya mtu, amepata mlango mmoja, na Lamu imepoteza mmoja. Fundi hakupata hata senti. Akimwagiza mchongaji wa Lamu au wa Unguja amchongee mpya, Lamu imebaki na wake, yeye amepata wake, na mwanafunzi wa fundi amepata somo la mwezi mzima la kushika patasi. Gharama huenda ikakaribiana. Faida haikaribiani hata kidogo.

Tena si lazima awe mlango. Nyumba ya mawe ya Thika yaweza kuachiwa kidaka kimoja ukutani wakati wa kujengwa, cha kuwekea Msahafu, kikapakwa chokaa na kukatwa nakshi na mtu aijuaye kazi. Na mpangaji ambaye hana ruhusa ya kupiga msumari, kwake kuna kasha la nakshi. Hilo halihitaji idhini ya mwenye nyumba, na siku ya kuhama hubebwa juu ya gari pamoja na magodoro. Na anunuaye halwa asione uchungu kulipia samli ya kweli na zafarani ya kweli, kwani asiyelipia hayo humfundisha mpishi kudanganya.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walioisema methali hiyo ndio hao hao waliochonga milango mizuri kuliko yote ya mwambao. Walijua kuwa nakshi ya mlango, zidaka za ukuta na halwa ya siniani ni kazi moja, nayo ni kumwambia mgeni kuwa amefika kwa watu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kumkirimu mgeni ni katika imani. Mwenye chumba kimoja Makongeni aweza kuitimiza kazi hiyo kwa mkeka safi, udi na kisahani cha halwa. Mwenye jumba na mlango wa kale wa kununua, kama mlango haufunguliwi, hajaitimiza.