Riwaya na Ngoma Jukwaa Moja: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuandaa Jioni ya Fasihi

Maktaba ikitangaza kwamba riwaya itasomwa ukumbini Jumamosi jioni, wanaofika huwa wachache: walimu, wanafunzi wa shule za upili na jamaa za msomaji. Ikitangaza kwamba kutakuwa na ngoma pia, viti havitoshi. Ndiyo sababu vikundi vya vijana na vya wasomaji vimeanza kuviweka viwili hivyo pamoja. Wazo ni zuri, ila huharibika haraka ngoma inapoletwa kama chambo tu. Wachezaji hutumbuiza wageni wakiingia, wakapewa soda na nauli, kisha kitabu kikafunguliwa na nusu ya watu wakaondoka.

Jambo lenyewe si geni hapa Kilifi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu. Watu walikusanyika kwa ajili ya ngoma, naye akawahutubia kupinga kodi na kazi ya kulazimishwa ya serikali ya Waingereza. Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali hadi Kisii. Mwaka uliofuata walitoroka na kurudi nyumbani. Ngoma ndiyo iliyoita watu, na neno likafuata. Hata riwaya kusomwa kwa sauti mbele ya watu kuna historia yake nchini. Kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharabainĩ, kilipotoka mwaka 1980 kilisomwa kwa sauti majumbani na hata katika baa, wasiojua kusoma wakisikiliza sawa na wengine.

Kinachofanya jioni ifaulu ni uchaguzi. Chukua mfano wa Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi iliyochapishwa mwaka 1995. Mkangi alikuwa mhadhiri wa sosholojia, na miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo na kurushwa angani, kisha anatua katika nchi ambako watu wanaishi kwa usawa. Ukilikata jina la nchi hiyo unapata maneno matatu: wale ni sisi. Sehemu ya hukumu ikisomwa, ukumbi unahitaji kimya, au pengine ngoma moja pekee ipigwe polepole. Sehemu ya kuwasili Walenisi ndiyo inayoweza kufuatwa na ngoma ya furaha ambayo watazamaji wataingia uwanjani, kama vile sengenya ya Wadigo na Waduruma yenye nzumari yake. Anayepanga kinyume cha hivyo atawachekesha watu mahali pa kulia.

Kifudu, kwa upande mwingine, haipaswi kuingizwa kwenye ratiba kwa sababu tu ni maarufu. Ni ngoma ya matanga. Nguvu aliyokuwa nayo Mekatilili ilitokana na uzito huo, na kuichezesha kati ya mzaha wa mshereheshaji na mauzo ya vitabu ni kuwakosea waliofiwa na wazee pia. Mwandaaji aende kwanza kwa wazee wa jamii husika aulize: ngoma hii huchezwa lini, na nani, na je, inaweza kuchezwa ukumbini? Jibu likiwa hapana, zipo ngoma nyingine. Ikumbukwe kwamba mwaka 2009 UNESCO iliziweka mila za Kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura.

Sheria nayo ina neno. Mwandishi analindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na ulinzi huo huendelea kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Mkangi alifariki mwaka 2004, kwa hiyo kazi zake zitalindwa hadi mwisho wa 2054. Mtu mmoja kusoma hadharani dondoo la kiasi, akimtaja mwandishi na kitabu, kunaruhusiwa. Kuigeuza riwaya kuwa mchezo wa jukwaani, au kurekodi usomaji mrefu na kuuweka mtandaoni, kunahitaji idhini ya mwenye haki. Anayekwama aulize Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Ngoma je? Wengi hudhani kwamba kwa kuwa haina mwandishi, haina mwenyewe. Sivyo. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016 inaitambua jamii kuwa ndiyo mwenye mali. Mtu wa nje anayetaka kuitumia ngoma kibiashara sharti apate ridhaa ya jamii kwanza, na faida igawanywe. Sheria hiyo hiyo inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejista ya urithi huu. Vikundi vya ngoma ambavyo havijawahi kufika ofisi ya utamaduni vinahimizwa kufanya hivyo.

Kwa upande wa maandalizi, vipande vifupi hufaa zaidi. Kurasa tano au sita huchukua takriban robo saa kusomwa vizuri, na baada ya hapo masikio huchoka. Vipande vitatu vya namna hiyo, kila kimoja kikifuatwa na ngoma, vinatosha jioni nzima pamoja na maswali. Msomaji na kiongozi wa ngoma wakutane angalau mara moja kabla ya siku yenyewe, kiongozi asikie maneno ya mwisho ya kila kipande ili mpigaji ajue aingie wapi. Ukumbi wa umma huombwa kupitia kwa msimamizi wa wadi, na vipaza sauti vikitumika, kibali cha kelele kiombwe mapema.

Malipo ya wachezaji yaandikwe kabla ya siku hiyo, sawa na ya msomaji. Suala la video lijadiliwe hapo hapo: nani atarekodi, itawekwa wapi, na ikianza kuingiza pesa, zitaenda kwa nani. Kikundi kinachocheza ngoma ya jamii yake kina haki ya kukataa kamera, na mwandaaji akubali jibu hilo kabla ya mabango kuchapishwa.